Nilimdanganya mdogo wangu mbele ya wanafunzi wenzake wa udaktari kwa sababu ya wivu

Wakuu, salamu kutoka Ntalikwa, Tabora. Haya yamenikuta mwenyewe na yananitia aibu, kwa hiyo sina sababu ya kuongeza chumvi.

Mimi ni kifungua mimba. Wazazi walipofariki niliacha shule darasa la sita, nikabaki na wadogo zangu watatu na ng'ombe wanne.

Paulina, kitinda mimba wetu, ndiye aliyeshika kitabu. Sasa anasomea udaktari.

Najivunia, ndiyo. Lakini akija likizo na lile koti jeupe, natamani lingekuwa langu. Shuleni mimi ndiye niliyekuwa naitwa daktari, siyo yeye.

Mwezi uliopita akaniomba awalete wenzake nyumbani pamoja na mwalimu wao. Wanafundishwa kwamba afya ya mtu, ya mnyama na ya mazingira ni kitu kimoja. Ukimtibu mtu bila kuuliza habari za zizi lake na kisima chake, umetibu nusu.

Nikakubali.

Wakaja kama kumi na tano. Paulina akasimama zizini kwangu na daftari, akaanza kuwaeleza jinsi "mfugaji huyu" anavyoishi.

Mfugaji huyu! Mimi niliyembeba mgongoni.

Kisha akaniuliza, kwa sauti ya ofisini, kama kuna ng'ombe aliyetupa mimba karibuni.

Nikasema hakuna.

Uongo mtupu. Wiki chache kabla ya ugeni huo ng'ombe wangu mwekundu alitupa. Ndama nilimvuta kwa mikono mitupu, kama marehemu baba alivyokuwa akifanya, nikamtupa kichakani juu ya kisima. Mbwa wakammaliza. Tangu hapo homa ikawa inakuja na kuondoka, nami nikawa nameza dawa za malaria bila kupima.

Mke wangu alishamweleza Paulina habari za homa, kwa hiyo alikuwa na hakika nitajibu ndiyo. Akababaika. Mwenzake mmoja akamtania, "Dokta, mgonjwa amekukana." Wakacheka.

Nilisikia raha, wakuu. Siwafichi.

Mke wangu akaleta mtindi, maana kwetu mgeni haondoki na midomo mikavu. Maziwa yake hatuchemshi, tunasema yanapoteza ladha.

Paulina akapewa kikombe cha kwanza. Akakitazama, akanitazama. Akikataa, amemwaibisha wifi yake. Na kaka kashasema ng'ombe ni wazima.

Akakiinua.

"Pau, weka chini."

"Kuna nini, kaka?"

"Yule mwekundu alitupa. Nimekudanganya."

Mwalimu hakunikaripia. Aliniomba nieleze tangu mwanzo: nilishika wapi, nilitupa wapi, mvua ikinyesha maji yanaelekea wapi. Nikaongea karibu saa nzima, wote wanaandika. Paulina naye anaandika.

Nilipopimwa, nikakutwa na ugonjwa uleule wa ng'ombe wanaotupa mimba. Niko kwenye dozi ndefu.

Siku ile Paulina aliniuliza jambo moja tu kabla hajapanda gari: "Na kikombe angekishika mwenzangu, kaka, ungesema?"

Nikageuka kumfungulia mlango wa gari.

Nilichojifunza: usivute ndama bila glavu, aliyetupwa mfukie mbali na maji, chemsha maziwa, na ukiugua mweleze daktari habari za mifugo yako. Dawa ya wivu bado naitafuta.

Mliolea wadogo zenu wakawapita, ninyi mliwezaje? Karibuni, hata wa kunisema aniseme.