Ukingo wa Kofia ya Baba Mkwe

Kofia ilinifikia ndani ya mfuko wa saruji, mikononi mwa mke wangu aliyekuwa amerudi kutoka kwao Kasomeno. Ilikuwa ya baba yake, kofia ya felti ya rangi ya majivu. Utepe uliozunguka ukingo wake ulikuwa umelika hata zimebaki nyuzi tu.

“Baba anasema umuwekee riba mupya,” mke wangu aliniambia, akigusa zile nyuzi za utepe. “Njo atavaa siku ya kukula.”

Siku ya kula niliijua, na nilikuwa nikiingoja kwa hamu na woga. Kwa desturi ya watu wa mke wangu, mkwe wa kiume hali pamoja na wakwe zake, wala hawatazami usoni, mpaka siku watakapomjia na vyungu vya chakula na kumwambia kwamba sasa amekuwa mtoto wa nyumba. Mimi nilikuwa nimeoa zamani kidogo, na siku hiyo haikuwa imefika bado. Kila nilipokwenda kumsalimu baba mkwe, nilichuchumaa kando ya mlango, nikajibu maswali yake huku nikitazama viatu vyake. Viatu hivyo ningeweza kuvichora hata gizani. Uso sikuujua, na niliona fahari kutoujua, maana wakwe wengine wa kiume wa mjini walikuwa wameanza kukodoa macho ovyo.

Nilikuwa fundi cherehani huku Naviundu, kwenye baraza ya nyumba yetu. Miaka ile suti na tai zilikuwa zimekatazwa na serikali, basi kutwa nzima nilishona abakosti, makoti ya kuvaliwa bila tai, za makarani wa ofisi za madini. Wateja walinisifia kola zangu, na sifa zikanilevya. Kofia nilikuwa nimeshika chache tu, lakini nani angethubutu kuniambia kwamba kuna kitu sikiwezi?

Utepe mweusi niliupata kwa mzee mmoja wa Maniema aliyeuza vitambaa. Asubuhi, mke wangu alipokwenda sokoni, nikachemsha birika na kupitisha kofia juu ya mvuke mpaka felti ikalainika. Hapo ndipo nilipoona kwamba ukingo haukuwa sawa. Upande wa kushoto ulikuwa mpana kuliko wa kulia, tena umelala chini kama sikio la mbwa. Nikacheka peke yangu. Nikasema, huyu aliyeikata kofia hii alikuwa amekunywa.

Hakuna aliyeniambia nikate. Niliambiwa utepe, basi. Lakini akilini nilimwona baba mkwe amekaa uani kwangu, majirani wakimtazama, na kofia imepinda upande mmoja, na wao wakisema huyo ndiye mkwe wa fundi. Nikachukua chaki, nikachora duara, nikakata. Kipande cha felti kikaanguka mapajani. Nilikipenda, nikakitia kwenye kopo langu la sindano na kukichomeka pini.

Kazi iliyofuata niliifanya vizuri, siwezi kusema uongo. Nililowesha utepe, nikaupiga pasi ya makaa huku nikiuvuta kwa upande mmoja, mpaka ukajipinda wenyewe kufuata duara. Nikaukunja nusu juu ya felti na nusu chini, nikaushona kwa mkono, mishono midogo ambayo lazima uitafute ndipo uione. Kiungo nikakificha nyuma. Adhuhuri lilipita lori la Kasenga, linalopitia Kasomeno, nikampa dereva kofia aifikishe. Mke wangu aliporudi nilimwambia kofia imeenda. Habari ya kukata sikumwambia, maana kwangu ilikuwa kazi tu, haikuwa habari.

Siku ikafika. Wanawake waliingia na vyungu vichwani: bukari, yaani ugali, sombe ya majani ya muhogo, kuku, samaki wa Luapula. Majirani walijaa uani, kama kawaida ya majirani pakinukia chakula. Mimi nilikuwa nimeketi mkekani, kichwa chini. Nikasikia hatua za viatu ninavyovijua, kisha kiti kikavutwa. Halafu ua ukanyamaza, na nikadhani wananyamaza kwa heshima.

Shangazi wa mke wangu akasema, “Bon, mukwe, inua macho. Leo umekuwa mutoto wetu.”

Nikainua macho. Na kwa kuwa mimi ni mimi, nilianza na kofia. Niliona ukingo umekaa sawasawa pande zote, utepe unang’aa, nikafurahi. Kisha nikashusha macho chini ya ukingo.

Upande wa kushoto wa uso wake ulikuwa umeungua. Shaba ya moto ilimrukia kiwandani, nilikuja kuambiwa baadaye, kabla mke wangu hajazaliwa. Jicho halikuwepo. Ngozi ilikuwa imejifunga mahali pake kama mfuko wa koti ulioshonwa usitumike tena. Kovu lilishuka hadi shavuni, na lilikomea pale pale ambapo ukingo ule wa zamani ungefika kama ningeuacha.

Mke wangu alikuwa ameziba mdomo kwa kitenge. Kwao hilo jicho halikutajwa, na kofia ilikuwa hivyo tangu utoto wake. Hakuwa na sababu ya kunionya. Jirani mmoja akamnong’oneza mwenzake, na mimi nikasikia. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Sikuwahi kuona haya kama ile, wala sijaiona tena.

“Baba,” nikasema, “niliharibu. Nilikata ule upande. Sikujua.”

“Ungejua namna gani?” akajibu. “Wewe ulikuwa paka unaangalia bilato byangu!”

Watu wakaangua kicheko, maana kweli siku zote nilitazama viatu vyake tu, na shangazi akapiga makofi. “Mukwe wa heshima huyu!” akasema. Baba mkwe mwenyewe alicheka pia. Aligusa utepe kwa kidole, akasema, “Iko muzuri sana. Bon, tukule.”

Lakini vyungu vilipofunguliwa nilimwona akisogeza kiti chake. Alikisogeza polepole, kama mtu anayekwepa jua, mpaka shavu la kushoto likaelekea ukutani. Ukuta wenyewe ulikuwa mfupi, na nyuma yake watu walikuwa wamesimama wakichungulia.

Sikungoja kuonyeshwa mahali pa kukaa. Nilibeba sahani yangu, nikaenda kuketi kushoto kwake, kati yake na ukuta, nikanyoosha mgongo kadiri nilivyoweza. Baba mkwe alitafuta firigisi ya kuku chunguni, akaiweka kwenye sahani yangu bila kunigeukia.

Ruhusa ya kumtazama nilikuwa nayo sasa, mbele ya ukoo mzima. Nikaitafuna ile firigisi mpaka ikakosa ladha, macho yangu yakiwa kwenye viatu vyake.