Bia ya Koku na Ndizi za Baba Yake

Nilikwenda Mwanza kwa sababu ya ndizi. Koku, binti wa mdogo wangu Rwegasira, aliacha kazi ya benki na kuanza kupika bia yake mwenyewe huko Buswelu, pembezoni mwa jiji. Anaipika kwa ndizi na mtama kama rubisi, pombe ya kwetu Bukoba, ila yeye huichuja mpaka ing'ae, kisha huitia kwenye chupa. Tatizo lake lilikuwa ndizi za sokoni: leo tamu, kesho maji matupu. Akampigia baba yake simu kuomba ndizi za pombe kutoka kwenye kibanja, shamba la migomba la ukoo.

Rwegasira alikuja kwangu asubuhi ile ile, hata kofia hakuvua.

"Kaka, nimesomesha mtoto akae benki, sasa anataka mikungu ya pombe!"

"Umemjibu nini?"

"Nimemwambia nitafikiri. Sasa nimefikiri. Nenda wewe. Uionje hiyo bia yake, na uwaone wanaoinywa ni watu wa namna gani. Ukirudi na neno zuri, ndizi nitampa. Ukirudi na neno baya, yeye arudi benki."

"Kwa nini mimi?"

"Kijiji hiki kina mtu aliyekunywa kuliko wewe?"

Siku hizi nakunywa kidogo, lakini zipo jioni nyingi za ujana wangu ambazo wanangu walikula chakula bila mimi, na kila mtu kijijini anajua nilikuwa wapi. Nikafunga begi.

Bandarini Bukoba nilifika na kahawa ya kutafuna iliyofungwa kwenye majani, pamoja na dumu la rubisi mbichi, nikiwa na nia ya kumkumbusha Koku ladha ya kwao. Kwa kawaida dumu la namna hiyo huzibwa kwa jani la mgomba, kwa kuwa pombe bado inachemka yenyewe na inahitaji kupumua. Mimi nilipoona abiria wenzangu na masanduku yao ya magurudumu, nililionea aibu lile jani. Nikalitupa, nikakaza kifuniko cha plastiki kwa nguvu zangu zote.

Meli ilipokwisha kupita Kemondo, dumu lilikuwa limevimba kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Nilipolegeza kifuniko, kiliruka kikagonga dari, na povu likamwagikia mfuko mkubwa wa mwalimu wa kwaya aliyekuwa ameketi pembeni yangu. Ndani ya mfuko kulikuwa na majoho ya wanakwaya wake.

"Mzee!" alisema akiwa amesimama. "Jumapili kwaya nzima itanuka kilabu!"

"Nisamehe, mwalimu. Kosa ni langu, nimelikaza mno."

Alinusa joho la juu, akanusa tena. "Lakini ni nzuri," akasema. Akaniomba kikombe. Nikamimina, nikaonja mimi kwanza, ndipo nikampa. Kwetu pombe haikabidhiwi mgeni kabla aliyeimimina hajaonja mbele yake. Ni namna ya kusema kwamba ndani hamna ubaya wowote. Mwalimu alikuwa mtu wa Muleba, jirani na kwetu, aliipokea kwa mikono miwili bila kuuliza kitu.

Asubuhi tulifika Mwanza. Jua lilikuwa limeshayapanda yale mawe makubwa, na nyumba zilizojibana vilimani katikati yake zilianza kutoa moshi wa chai. Koku alinisubiri getini, amevaa suruali na buti za mpira.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Mbona umevaa kama mtu wa zimamoto?"

"Natoka kuosha matangi. Na wewe mbona unanuka tangi?"

Nilimweleza habari za dumu, akacheka mpaka akashika nguzo ya geti. Kilichobaki kilikuwa kama vikombe viwili. Nikamimina, nikaonja, nikampa. Alikunywa polepole, macho yakamlegea kidogo, akasema, "Hiyo ndiyo ninayoitafuta, baba mkubwa. Ndizi ya sokoni hainipi hii."

Siku zilizofuata alinitembeza, ili nizione pia bia za wenzake kabla ya kuionja ya kwake. Alisema si haki mtu ahukumu bia moja peke yake.

Kiseke tulikwenda kwa Masanja, kijana wa Kisukuma mwenye kitambi cha furaha, anayepika bia ya asali nyuma ya nyumba yake. Asali huletewa na wafugaji nyuki wa kwao. Bia yake ina rangi ya chai isiyo na maziwa, na harufu yake hufika puani kabla glasi haijafika mdomoni. Ni nzuri kweli, ila ni tamu mno kwa mtu wa umri wangu. Glasi ya kwanza ni sherehe, ya pili ni kazi.

"Mzee, sema ukweli," Masanja aliniambia. "Huyu mwanao anasema bia yangu ni soda ya watoto."

"Sikusema ya watoto," Koku akajibu. "Nilisema ya maharusi."

"Umeona, mzee? Ndivyo anavyonitesa. Na hamira yake anakuja kuazima kwangu!"

Nyakato, katikati ya viwanda, tuliingia kwenye ghala la zamani ambalo vijana wamelifanya baa. Wao hutumia shayiri na yale maua machungu ya kukolezea bia yanayotoka nje ya nchi. Matangi yao yanameta, na ukutani wamepaka rangi kama saluni. Bia ya kwanza waliyoniletea ilikuwa chungu kama mwarobaini. Nilitaka kuirudisha, lakini niliona wafanyakazi wa kiwandani waliotoka zamu wakiinywa kwa hamu, wakisema inakata vumbi kooni. Nikakubali kwamba ulimi wangu si kipimo cha ulimi wa kila mtu. Bia yao ya pili, ya ulezi, ilikuwa nzito na tulivu, na ningeweza kukaa nayo mchana mzima. Kasoro yao ni kwamba si kila pipa linafanana na lililotangulia. Meza ya jirani walikuwa na ulezi ule ule lakini wao wakilalamika ni mchachu, na nilipoonja yao, kweli ulikuwa mchachu.

Kwa ujumla nilishangaa kwa furaha. Nilitegemea kukuta watoto wa mjini wakichezea sufuria. Nimekuta watu wanaobishana juu ya maji, moto na usafi kama wazee wetu walivyobishana juu ya shimo la kuivishia ndizi.

Jumamosi mchana, Buswelu, Koku alifanya siku yake ya kuonjesha. Anapikia kwenye banda safi lenye sakafu ya vigae, kando ya nyumba aliyopanga. Ndizi zilizoiva huzikamua kwa mashine badala ya miguu na majani, lakini mtama bado anaukaanga mwenyewe kwenye kikaango, na hapo niliona ndani yake bibi yake, mama yetu, mzima mzima. Wageni walikuwa wachache. Mkubwa wao alikuwa Mama Nyamizi, mwenye hoteli ndogo kando ya ziwa upande wa Pasiansi. Koku aliniambia mapema, kwa sauti ya chini: "Huyu akiichukua, baba hatakuwa na la kusema. Wanaokunywa kwake ni watu wazima wenye familia zao."

Alimimina kwenye glasi zilizopangwa kwenye sinia. Kwa heshima ya umri akanipa mimi ya kwanza, kisha akawagawia wengine. Hakuonja.

Nikashika glasi, nikamngoja. Wageni nao wakashika glasi zao, wakaningoja mimi, kwa kuwa hakuna aliyetaka kunywa kabla ya mzee. Tukakaa hivyo. Povu lilianza kushuka.

"Mzee, hunywi?" Mama Nyamizi aliuliza.

Hapo ndipo niliposema maneno ambayo nayajutia. Kwetu ni mzaha wa kawaida: mgeni humtania mwenye pombe, mwenye pombe hucheka, huonja, na kikombe huzunguka. Nikasema, "Ninywe vipi, na mpishi mwenyewe anaiogopa?"

Hakuna aliyecheka. Mgeni mmoja alirudisha glasi kwenye sinia polepole. Mama Nyamizi alimtazama Koku, akaitazama glasi yake kwenye mwanga. Koku alikuwa amesimama na jagi mkononi.

"Ni utani wa kwetu," nikasema haraka. Nikanywa glasi nzima kwa mkupuo, na hapo nikaharibu zaidi, kwa sababu nilionekana kama mtu anayefunika jambo. Wageni wakanywa kidogo kidogo kwa adabu. Mama Nyamizi aliaga mapema. "Tutawasiliana," alisema.

Walipoondoka nilimkuta Koku akisuuza glasi ambazo hazikuhitaji kusuuzwa.

"Baba mkubwa, mteja anataka glasi safi. Nikiigusa kwa mdomo wangu, hainunui tena. Ndiyo maana sionji mbele yao."

"Nilipaswa kukuuliza. Nimekaa hapa siku zote hizi, sikukuuliza."

"Acha tu."

"Sikuja Mwanza kuacha tu. Nipe chupa mbili."

Kesho yake asubuhi nilipanda bajaji peke yangu mpaka Pasiansi. Hoteli ya Mama Nyamizi ina viti vya mbao chini ya paa la makuti, na ziwa linapiga mawe hatua chache kutoka hapo. Alitoka akijifuta mikono kwa kanga.

"Karibu mzee. Umekuja kuniambia kilichomo?"

"Nimekuja kukuambia kilichomo kichwani mwangu, maana kwenye bia hamna kitu." Nikamweleza desturi yetu, utani wetu, na jinsi nilivyoutupa mbele ya watu wasioujua. Nikamwambia kosa halikuwa la binti, lilikuwa langu, nami ni mtu mzima niliyepaswa kufikiri kabla ya kusema.

Alivuta kiti, akaketi. "Mimi nilidhani umemwona panya kwenye tangi."

"Tangi lile panya angeteleza."

Akacheka. Nikafungua chupa, nikamimina, nikainua glasi. "Mimi ni baba yake. Nikionja mimi, nyumba imeonja." Nikaonja, nikampa.

Siku ile ndipo nilipoionja kweli, kwa sababu siku iliyotangulia nilimeza tu. Mwanzo huja ndizi iliyoiva vizuri, bila ule utamu wa kuganda mdomoni. Kisha mtama uliokaangwa unafuata nyuma kama moshi wa jikoni unaoukuta kwenye nguo zako zilizokwisha kukauka. Mwisho kuna uchachu mdogo unaoomba samaki. Kati ya bia zote nilizoonja Mwanza, ile ya ulezi pekee ndiyo ilikaa karibu nayo. Kasoro ipo, nayo ni ndizi: katikati, pale ladha ilipotakiwa kusimama, inalegea. Nilimwambia Mama Nyamizi hivyo hivyo bila kuficha.

Alikunywa nusu, akamwita mpishi wake naye aonje pamoja na sato wa kukaanga. Mpishi alitikisa kichwa kwa kukubali huku mdomo umejaa.

"Mwambie aniletee kreti za kujaribia," Mama Nyamizi alisema. "Lakini alete mwenyewe. Na aonje mbele yangu, kwenye glasi yake. Desturi yenu nimeipenda."

Nilipomweleza Koku, aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafunika uso kwa mikono. Kisha akainuka, akaenda kumpigia simu Masanja kuazima kreti.

Jioni ya kuondoka alinisindikiza bandarini. Alinipa chupa kadhaa zilizofungwa za watu wa nyumbani, halafu akatoa moja, akaifungua pale pale kwenye foleni, akanywa funda moja mbele yangu. Akaiziba kwa jani la mgomba alilolikunja vizuri.

"Hii ni ya baba."

"Itakata gesi kabla ya asubuhi."

"Najua."

Usiku kucha niliishika chupa ile katikati ya magoti. Nilikuwa na nafasi ya kufikiri, na nilichojifunza ni hiki. Nilitumwa kwenda kuwapima watu wa Mwanza, na bia zao zimenifurahisha kuliko nilivyotegemea. Aliyekosa adabu mezani safari nzima nilikuwa mimi, mara moja kwa kulionea jani aibu, mara ya pili kwa kudhani utani wangu unajulikana kila mahali. Mambo hayo mawili ningeweza kuyazuia kwa swali moja. Katika umri huu, bado sijajifunza kuuliza mapema. Nitajitahidi.

Rwegasira alikuwa ameketi barazani kwangu nilipofika. Hakuuliza habari ya safari. Alitazama chupa na jani lake.

"Wanaoinywa ni watu gani?"

"Watu kama wewe, ila wao wanacheka zaidi. Kuna mama mwenye hoteli ameagiza. Na bia ni nzuri. Ina kasoro moja."

"Kasoro gani?"

"Ndizi."

Nikamkabidhi chupa. Aliishika bila kuifungua.

"Nani ameonja?"

"Ameonja mwenyewe, bandarini, mbele yangu."

Alitoa jani, akalitazama lilivyokunjwa, akaliweka juu ya goti. Akanywa. Povu lilikuwa limekwisha zamani, nami nilingoja aseme imelala. Hakusema. Alikunywa mpaka chini, akaigeuza chupa kuhakikisha, kisha akainuka na kutazama kibanjani.

"Mwambie asichukue mikungu ya huku barabarani," alisema. "Mikungu mizuri ni ya upande wa kisimani. Na mimi mwenyewe ndiye nitakayempelekea."