Lainingi Zilizoisha Kila Mwezi

Ndani ya lori tulibanana wanne: Mzee Kaduma mwenye gari, fundi Salehe wa Makambako, mdogo wangu Eliza, nami dereva. Wazazi walipofariki niliacha shule, na lori hilo ndilo lililowalisha wadogo zangu.

Lainingi za breki, vile vipande vinavyobana gurudumu lisimame, ambazo madereva wengine walikaa nazo karibu mwaka, kwangu ziliisha kila mwezi. Nikamtangaza Salehe sokoni kuwa mwizi anayetufungia za zamani. Mzee akataka kumnyima kazi. Salehe akaomba kwanza tusafiri pamoja kutoka Njombe hadi Makambako, aone ninavyoendesha.

Kwenye mteremko nikatoa gia kama kawaida yangu, gari lishuke lenyewe.

“Mbona umetoa gia?” Salehe akauliza.

“Namwokolea Mzee mafuta.”

“Na gari linazuiwa na nini?”

Nikatazama mguu wangu, umekandamiza breki tangu juu kilimani. Harufu ya kuungua ilijaa. Eliza akaziba pua.

“Kumbe anayezila lainingi ni wewe, kaka.”

Mzee alicheka hadi machozi. “Kazi yako bado unayo, dereva. Rudisha gia.”

Nikarudisha, moyo ukatulia. Salehe hakucheka.

“Uliniita mwizi sokoni,” akasema. “Radhi utaniomba huko huko, watu wakiwa wamejaa.”

“Siku ya soko nitakuja, fundi.”