Kuinama Mpaka Kwenye Mkeka

Muuza mihogo mmoja wa Kimamba aliniambia kwamba katika karate, anayeinama chini zaidi wakati wa salamu humnyonya mwenzake nguvu zote, ngumi zake zikabaki laini kama maandazi ya moto. Nikaamini. Mimi, mwenye cheti cha kidato cha nne nilichokitolea jasho shule ya usiku, niliamini jambo hilo kuliko nilivyowahi kuamini fizikia.

Wakati huo nilikuwa nafanya mazoezi Mabwerebwere, mjini Kilosa, ndani ya ghala la zamani. Umri wangu ulizidi wa darasa zima ukijumlisha na wa mwalimu. Mwalimu wetu, tuliyemwita sensei, alikuwa dada wa rika la binti yangu. Nje ya mlango ananiamkia yeye: "Shikamoo, mzee." Nami: "Marahaba, mwanangu." Nikishavua viatu na kuvipanga vikitazama nje, mambo yanageuka. Naanza mimi kuinama, na hata kujikuna pua nasubiri ruhusa.

Hayo yote niliyashika. Ila kwenye kuinama nilikuwa na siri yangu. Wenzangu waliinama kidogo. Mimi nilishuka mpaka mgongo ukalia kama kitanda cha kamba. Na ilifanya kazi! Vijana wenye misuli ya kubeba magunia mawili mawili walinigusa kama wananipangusa vumbi. "Samahani mzee, nimekuumiza?" Nikawa najisemea, kwisha habari yake, nimemnyonya huyo.

Ikaja siku ya mtihani wa mkanda wa njano, Mikumi. Nyumbani nilishaapa kwamba bila mkanda sirudi. Mke wangu akasema, "Basi beba na blanketi."

Nikapangiwa mfugaji mmoja wa rika langu, mpana kama kichuguu, mkanda mweupe kama mimi. Nikainama mpaka kichwa kikawa usawa wa magoti. Yeye akainama kidogo tu. Nikamhurumia.

Ngumi yake ya kwanza ilinikalisha chini. Nikasimama, nikaweka nguo sawa, nikainama zaidi. Ya pili ilinionyesha reli yote kuanzia Kimamba mpaka mwisho wa dunia.

"Inatosha, mzee?" sensei akauliza.

"Bado, sensei! Siondoki hapa bila mkanda."

Mara ya tatu nilipiga magoti kabisa, paji la uso likagusa mkeka. Nikainuka. Mfugaji akaja. Nikainua mikono kama tulivyofundishwa, nikazuia, nikazuia tena, kisha nikampata katikati ya kifua. Akarudi nyuma! Kichuguu kizima kikarudi nyuma! Tukaendelea hivyo, mimi naye, mpaka sensei akatusimamisha, na baadaye tukafungwa mikanda ya njano sote wawili.

Nje, tukivaa viatu, nikamtambia mwenzangu. "Umeona, bwana? Mara ya tatu niligusa mkeka. Nikakumaliza nguvu."

"Nguvu zipi?" akashangaa. Akamgeukia sensei. Sensei hakucheka.

"Mzee wangu, kuinama ni salamu tu. Unamheshimu mwenzako, basi. Hakuchukui nguvu za mtu. Kule Kilosa vijana hawakupigi sawasawa kwa sababu una umri wa baba zao. Na leo umepata mkanda kwa sababu uliinua mikono."