Siku Bugaluu Ilipoingia Didia

Ngozi ya ng'ombe ikisogezwa karibu na moto wa mabua hutoa harufu ya nywele zilizoungua, na kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya kiangazi. Pamba imekwisha kuuzwa, mtama umo ghalani, vumbi la Didia limeingia hadi kwenye meno, na babu yangu Luhende amekaa uani akizikaza ngoma zake kwa moto. Alizigeuza polepole kama mtu anayechoma muhogo, akazigonga kwa kidole kimoja, akasikiliza. Sisi watoto hatukuruhusiwa kucheka karibu naye saa ile. Mimi Kabula, niliyekuwa mjukuu mpenzi na mwenye kicheko chepesi, nilikuwa nakwenda kucheka nyuma ya zizi kisha narudi.

Kwetu Usukumani wakati ule mtu alizaliwa na ukoo, na alizaliwa na upande wa ngoma. Kulikuwa na Bagika na kulikuwa na Bagalu, vyama viwili vya wachezaji vilivyoshindana tangu enzi za mababu. Walicheza siku moja, uwanja mmoja, kila chama na duara lake, na hapakuwa na mwamuzi. Watazamaji waliamua kwa miguu: duara lililokimbiwa ndilo lililoshindwa, na kiongozi wake alikula aibu hadi mavuno mengine, hata wake zake walisemwa kisimani. Babu alikuwa kiongozi wa Bagika, kama baba yake kabla yake. Mtu angeweza kubadili dini, na wengi walibadili bila kugombana na jirani, lakini kuhama kutoka Bagika kwenda Bagalu lilikuwa jambo la kunong'onezwa, kama wizi wa ng'ombe.

Mtoto wa mwisho wa babu, baba yangu mdogo Masunga, ndiye aliyetazamiwa kuzirithi ngoma zile. Alikuwa na mikono ya ngoma tangu utotoni. Lakini miaka ya sabini ilipoanza alikwenda kufanya kazi ya ufundi kwenye mgodi wa almasi, na huko akaonja kitu kingine. Pasaka moja alikuja na gramafoni ya betri na furushi la santuri lililofungwa kwa kanga. Alinikalisha mimi na bibi kwenye kivuli cha ghala, akatufundisha kama mwalimu. Hawa, akasema, ni Waingereza wenye nywele ndefu. Wakapiga kelele kama watu waliofungiwa stooni. Hawa nao ni Wazungu vilevile, ila wamechukua kinanda cha kanisani na kukipigia wimbo mmoja usiokwisha mpaka upande mzima wa santuri uishe. Hawa ni Wamarekani weusi, huu unaitwa muziki wa soli. Nilidhani ni soli ya kiatu, na kwa jinsi miguu yangu ilivyoanza kugonga chini yenyewe sikuona kosa.

Mwisho akaweka santuri ya vijana wa Zambia, watoto wa wachimba shaba, na gitaa lao likanguruma kama nyuki waliotiwa kwenye debe. "Hii ndiyo roki yetu," akasema. "Wenzetu wa migodini wanaweza, sisi tunashindwa nini?" Bibi akauliza kama gitaa lile lilikuwa linaumwa. Masunga akacheka hadi akalala chali. Babu alikuwa machungani, hakusikia hata santuri moja, na hakuna aliyemwambia.

Kisha ukaja ule mnada wa ng'ombe. Nilikuwa nimemsindikiza babu kuuza mtamba, tumesimama kwenye foleni ya zizi, ndipo mpiga mbiu akapita na kipaza sauti chake cha bati. Alikuwa Msukuma kama sisi, maneno ya mjini yalimteleza mdomoni, na alikuwa anakimbiza kazi. Alichoandikiwa kusema ni kwamba Jumamosi kwenye uwanja wa ghala la pamba kutapiga bendi ya roki ya vijana wa bugaluu, ile aliyoiunda Masunga huko mgodini. Bugaluu ni zile suruali za wakati ule, zilizobana mapajani na kupanuka chini kama kengele. Lakini Didia hakuna aliyekuwa amewahi kulisikia neno hilo. Tulichosikia, mimi na babu na mnada mzima, ni hiki: "Jumamosi, Bagalu! Vijana wa Bagalu, wakiongozwa na Masunga, ng'wana Luhende!"

Watu waligeuka kumtazama babu. Mtoto wa kiongozi wa Bagika amehamia Bagalu, tena anarudi nyumbani kuja kumpiga baba yake mbele ya kijiji. Babu akafungua kamba ya mtamba wake, tukarudi naye nyumbani bila kuuza.

Jioni aliwaita wazee wenzake wa Bagika, akasema mbele yao na mbele ya bibi: "Jumamosi tunapiga. Na akipiga dhidi yangu, huyo si mwanangu tena." Bibi alilia akiwa amesimama. Alimwambia, "Muulize kwanza." Babu akajibu kwamba baba haendi kumuuliza mtoto. Kwetu neno likishasemwa mbele ya wazee halirudi mdomoni, na bibi alilijua hilo kuliko sisi wote.

Jumamosi, lori la pamba likaingia uwanjani na jenereta, maspika mawili meusi na vijana watano. Walikuwa wameacha nywele zao zikasimama kama vichuguu, wamevaa viatu vya raizoni vilivyowapandisha juu, na suruali zao zilifagia vumbi. Wanawake walishika midomo. Masunga akaangalia ng'ambo ya uwanja, akaona duara la Bagika, ngoma zimekazwa, baba yake amevaa manyoya na mavazi yake ya sherehe. Unajua alidhani nini? Alidhani amekuja kumpokea. Alivuka uwanja mzima mbio na viatu vile, anatabasamu, akainama na kutoa mwadila, salamu yetu ya mchana. Babu akamtazama kifuani, hakuitikia. Akainua mikono na kuanza kupiga.

Masunga alirudi kwa wenzake akiwa hajui kosa lake. Nikamwona akisimama kitambo amelishika gitaa bila kulipiga, kisha mwenzake wa ngoma akahesabu, na ile sauti ikatoka. Nilishtuka nikaanguka kwa makalio. Si mimi tu: ng'ombe walivunja boma la jirani, watoto wachanga walipiga kelele, na bibi mmoja aliuliza kama mvua imerudi. Sauti ilikuwa inaingia kupitia tumboni. Kisha, taratibu, miguu ya watu ikaanza kufanya ile kazi yake ya uamuzi. Walikwenda mmojammoja, wakiona haya, halafu kwa makundi, na mwishoni hata wapiga njuga wa babu walikwenda "kuangalia tu." Duara la Bagika likabaki na babu, wazee wawili, bibi na mimi. Naye babu hakuacha kupiga.

Aliyeligundua kosa ni bibi. Masunga alipopumzika, bibi alimfuata, akainama akashika upindo wa suruali yake kwa vidole viwili, akauliza hiki ni kitambaa gani cha kupoteza hivi. "Ni bugaluu, mayu," akamwambia mama yake. "Ndiyo tuliyotangaza." Bibi aliniangalia. Mimi nilicheka kwa sauti, kicheko cha mtu aliyeponyoka, na tukakimbia kumpelekea babu habari njema. Ni suruali! Mwanao hajahama upande, ni suruali tu!

Babu akaacha kupiga. Akaitazama ile suruali ng'ambo ya uwanja, akatazama spika, akatazama watu wake wakiruka vumbini. Masunga alikuwa amekuja nyuma yetu, amesimama pale anasubiri. "Basi ni vibaya zaidi," babu akasema. "Bagalu nawajua. Ungekwenda kwao ningekushinda mwakani. Huko ulikokwenda sipajui, na nikikufuata sitarudi." Alisema hivyo bila hasira yoyote, na hicho ndicho kilichonitisha. Kisha akaanza kukusanya ngoma zake moja moja.

Bendi ilikufa kabla ya muongo kwisha, nyuzi za gitaa hazipatikani, petroli haipatikani, na Masunga akaenda Geita kufuata dhahabu kwenye mashimo. Alikuwa akituma sukari, na babu aliinywa chai yake, lakini muziki hawakuuzungumza tena. Babu alipofariki wazee wa Bagika walimpisha Masunga kwenye ngoma kubwa, maana hata baada ya lile neno, damu ni damu. Aliipiga vibaya. Mikono ilikuwa imesahau, na watu wakatazama chini kwa heshima. Nimeona vifo vingi, lakini aibu ya siku ile bado inanipiga kifuani.

Sasa mimi mwenyewe ni bibi, naishi Geita. Juzi tulikuwa harusini kwa jirani. Kijana wa muziki, aliyekuwa na kompyuta tu na miwani ya jua, akaweka mlio ambao ulinisimamisha kitini: zilikuwa ngoma zetu, mapigo yenyewe, yamepachikwa ndani ya muziki wa disko. Vijana wakacheza, wengine wakapiga hatua za kweli kabisa bila kujua walikozitoa. Nikamwendea kijana nikamuuliza kwa shauku, hizi ulizochukua ni za Bagika au za Bagalu? Akanivulia miwani kwa adabu. "Shikamoo bibi. Hao ni wasanii wa wapi?"

Nikaitikia marahaba. Kisha nikarudi kitini kwangu, nikawaangalia vijana wakicheza.