Hedifoni za Fundi Verlin

Verlin Stidham alikuwa fundi wa hedifoni gerezani, na ufundi wake ndio uliomponza. Kule mashariki ya Kentucky, juu ya mlima uliosawazishwa na wachimba makaa ya mawe, redio za wafungwa hazina spika. Ukitaka kusikia, uchomeke hedifoni. Huna, basi kaa na redio yako uiangalie. Kwa hiyo aliyekatikiwa waya alimkimbilia Verlin kabla hata ya mchungaji. Naye alikaa kitandani, akavua miwani, akamenya waya kwa meno na kuuunga. Hapo mafundi wengine wangeishia. Verlin aliuzungushia uzi aliouchomoa kwenye blanketi, mzunguko juu ya mzunguko, hadi ukipapasa usijue pameungwa wapi.

“Wewe bwana, unairemba kama bibi harusi!” alimtania Cleatus Boggs, mfungwa wa selo ya jirani. “Inaingia sikioni, haiendi kanisani!”

“Ukitaka kazi ya ovyo, jifanyie mwenyewe.”

Mwezi wa Februari watu wawili walichomana visu kwenye ukumbi wa chakula, na gereza zima likafungwa. Kila mtu kwenye selo yake, chakula kinasukumwa mlangoni, simu zimezimwa, duka limefungwa. Ndipo mchungaji wa gereza alipokuja kusimama mlangoni kwa Verlin.

“Ni mama yako,” alisema. “Saratani ya koo. Jumanne asubuhi madaktari wanaondoa kile kiungo kinachotoa sauti. Atapona, Mungu akipenda. Lakini kusema tena, hapana. Dada yako anasema Jumatatu jioni mama atapiga simu redioni.”

Redio ndogo ya huko bondeni ilikuwa na kipindi chake cha Jumatatu: watu wa nyumbani wanapiga simu na kuwasalimia wafungwa wao hewani. Mke wa fulani anasema mtoto ameota meno, baba wa fulani anasema mbwa amekufa. Hata wababe wa gereza hunyamaza wakati huo.

Bibi Oleta, mama yake Verlin, alikuwa ameacha siku nyingi kupanda ule mlima kuja kumwona mwanawe. Kilichobaki kati yao ni sauti tu, ile sauti yake ya kuvuta maneno, yenye mkwaruzo kidogo, iliyokuwa ikimwita Verlin kutoka kibarazani mkate wa mahindi ukishaiva. Aliitaka aisikie mara moja tu, kabla haijakatwa.

Jumapili hedifoni zake mwenyewe zikafa. Sikio la kulia kimya, la kushoto linakwamakwama. Verlin alimenya, akaunga, akajaribu. Muziki ukaja masikio yote mawili.

“Zinasema?” Cleatus aliuliza kupitia tundu la hewa lililounganisha selo zao, lenye wavu wa chuma usiopitisha hata kidole.

“Zinasema.”

“Basi ziache hivyohivyo!”

“Pamekaa vibaya. Waya unaonekana.”

“Nani atakuchungulia sikioni, mpumbavu wewe? Ziache!”

Wapi! Hakuziacha. Alichomoa uzi kwenye blanketi, ule wa buluu, akauzungusha taratibu ukakaa vizuri ajabu. Jamani, siku ile moja tu angekuwa mvivu!

Jumatatu mchana askari waliingia kutafuta visu. Afande Pruitt alipekua selo ya Cleatus, akaona hedifoni zake zilizofungwa kwa karatasi ya gundi, chafu, akazitupa kitandani bila kuzitazama mara mbili. Kwa Verlin ule uzi wa buluu ulimvuta macho. Akaupapasa kwa kidole gumba.

“Umezitengeneza hizi?”

“Zilikatika, afande.”

“Kitu kilichochokonolewa kinachukuliwa, unajua. Na blanketi la serikali umelichana.”

“Afande, nakuomba. Zichukue kesho. Asubuhi nitakupa mwenyewe, mkononi. Mama yangu anasema redioni leo jioni. Kesho wanamkata koo.”

Pruitt alisimama kidogo, na Verlin akadhani ameshinda.

“Kila mtu hapa ana mama, Stidham,” alisema, na hedifoni zikaingia kwenye mfuko. Saa chache tu alizoombwa! Zingempunguzia nini? Kisha akavuta kiti akakaa katikati ya korido, mtu asipitishe kitu chini ya mlango.

“Nikurushie zangu?” Cleatus alinong’ona.

“Amekaa palepale. Atachukua na hizo, tukose wote.”

“Basi njoo kwenye tundu. Tutajaribu.”

Baada ya chakula cha jioni Verlin alipanda juu ya kitanda, akabandika sikio kwenye chuma. Watu walisalimiwa, mmoja baada ya mwingine. Ghafla Cleatus akasema, “Ni yeye! Sikiliza!” akachomoa hedifoni ya sikio moja na kuikandamiza kwenye tundu. Verlin aliziba sikio la pili, akabana pumzi. Kilichokuja ni mlio mwembamba, wa mbu.

“Sisikii! Sisikii, Cleatus! Sema wewe!”

“Anasema... Verlin, mwanangu, ni mama. Anasema usihuzunike. Anasema mdomo nimeutumia vya kutosha, waulize majirani.” Mtangazaji alicheka, na Cleatus naye akacheka kidogo, kisha akajikohoza. “Anasema dada yako amempikia maharage lakini hayamezeki. Anasema kula vizuri. Sasa anaimba.”

“Anaimba nini?”

“Wimbo wa kanisani. Siujui.”

“Mfuate. Mfuate hivyohivyo, tafadhali.”

Cleatus Boggs, aliyekuwa hajawahi kumwimbia mtu yeyote, akaimba. Alichelewa neno moja nyuma ya yule bibi, kwa sauti nzito ya mvuta sigara, akipotea na kurudi. Wafungwa wa selo nyingine walimsikia, na hakuna aliyemzomea. Verlin alifumba macho akijitahidi kumwondoa Cleatus ili abaki mama yake, lakini alikuwa Cleatus tu, tangu mwanzo hadi mwisho.

“Amemaliza,” Cleatus alisema. “Wameweka mtu mwingine.”

Verlin hakushuka.

“Sauti yake ilikuwaje?”

Cleatus alifikiri sana. Alitaka kwa moyo wake wote kumpa jibu zuri.

“Ya bibi mzee tu, ndugu yangu,” alisema. “Ya bibi mzee tu.”