Dawa Iliyotolewa Mlangoni

Mimi ni mwalimu wa bayolojia Chake Chake. Seli naijua kwa kuichora ubaoni: duara, utando wake, na zile protini zilizojipachika kwenye utando kama milango. Sikudhani iko siku nitamchorea mama yangu. Sasa nikifika somo hilo hamu ya mama hunishika mbele ya darasa zima, hata nikajifanya natafuta chaki.

Tulikuwa hospitali, Dar es Salaam. Dripu za mwanzo ziliupunguza uvimbe wa titi lake, kisha ukarudi. Daktari akaeleza kwamba seli za saratani zimejaza kwenye utando wao protini zinazoisukuma dawa nje kabla haijafanya kazi. Angejaribu dawa nyingine. Mama akanigeukia, nami nikamchorea nyuma ya bahasha ya eksirei.

"Kumbe dawa yaingia, ikatolewa?" aliuliza. "Hata maji haikupewa? Basi hizo hazikulelewa Pemba."

Nilicheka.

Dawa mpya ilimshusha kinga, daktari akatuasa tupunguze wageni tukirudi nyumbani. Lakini kwetu Madungu mgonjwa huangaliwa. Watu huja makundi kwa makundi, na uji, na ndizi, na dua. Nikaweka kiti mlangoni nikakikalia. Jamaa zetu wa Shumba, waliotoka kwao alfajiri, niliwapokea kapu, nikawashukuru, nikawarudisha. Walinuna. Wanune! Mimi nilimtaka mama yangu.

Mama akaniita chumbani.

"Seli zanitolea dawa, na weye wanitolea watu. Mie n'takaa na nani?"

Nikanunua barakoa, nikaweka ndoo ya maji na sabuni, nikakiondoa kiti. Wakaingia. Mama akauliza karafuu za nani zimeanikwa, binti wa nani kaposwa, akacheka mpaka akashika ubavu. Uvimbe nao ulitulia kwa muda, nikaanza kuamini. Halafu dawa hiyo nayo ikashindwa kukaa.

Siku aliyofariki nyumba ilijaa, pa kuweka mguu hapana. Kila aliyenishika mkono aliniuliza kama nimetia chochote tumboni. Nilimtaka mmoja tu aniulize hivyo, naye ndiye aliyekuwa akitolewa mlangoni, mabegani mwa wanaume.